Shaba Iliyoitangulia Mahakama

Kesi ya askari wanane wa Mfalme wa Uingereza ilipokuwa ikielekea ukingoni mjini Boston, katika koloni la Massachusetts, mwishoni mwa mwaka 1770, mmoja wa mawakili wao, Josiah Quincy, kijana wa miaka 26, aliwatahadharisha wazee wa baraza kuhusu kitu ambacho hakikuwa kielelezo mahakamani. Alizungumzia picha zilizotundikwa kwenye kuta za nyumba za watu. Alisema picha hizo zimezichochea fikra za watu zikaruka mbali kuliko ukweli unavyoruhusu, akawasihi wapime yale waliyoyasikia kutoka kwa mashahidi, si yale waliyoyaona ukutani.

Hakuna aliyehitaji kuuliza ni picha ipi. Kwa miezi minane Boston ilikuwa ikiishi nayo.

Ni karatasi inayotosha kushikwa kwa mikono miwili. Upande wa kulia wamesimama askari saba wenye makoti mekundu, wamejipanga mstari mmoja, miguu imekanyaga kwa mpangilio, bunduki zimenyooshwa kifuani mwa raia walio hatua chache mbele yao. Risasi zimetoka kwa pamoja na moshi umetanda. Nyuma yao ofisa wao ameinua upanga juu, ishara isiyo na maana nyingine ila amri ya kufyatua. Upande wa kushoto kuna raia waliovaa nadhifu, mikono mitupu, hawana hata fimbo. Wengine wameanguka chini wakivuja damu, wengine wanawabeba majeruhi, na kati yao yupo mwanamke aliyejifunika shali. Mbele kabisa, chini, amesimama mbwa mdogo, ametulia kana kwamba hakusikia mlio wowote. Nyuma inaonekana Town House, makao ya serikali ya koloni, pamoja na mnara wa kanisa, na juu angani kuna mwezi mwembamba.

Jicho likipanda juu ya vichwa vya askari linakutana na jengo la Forodha. Mchongaji amelibandika kibao chenye maneno ya Kiingereza yanayomaanisha Ukumbi wa Mchinjaji. Kibao kama hicho hakikuwahi kuwapo pale. Na kutoka dirisha moja la jengo hilohilo panafuka moshi wa bunduki, ili mtazamaji aelewe kwamba hata maofisa wa ushuru walikuwa wakiwapiga watu risasi kwa kujificha.

Jina lililochongwa pembeni ni Paul Revere, sonara wa Boston, mwana wa mhamiaji wa Kifaransa, fundi hodari wa vyombo vya fedha na mwanachama wa kundi la wapinzani wa serikali lililojiita Wana wa Uhuru. Ukisoma vizuri maneno aliyoyaweka utaona anajitaja kuwa aliyechonga, aliyechapa na aliyeuza. Hasemi kwamba ndiye aliyebuni, na kwa hilo alikuwa na sababu ambayo tutaifikia.

Kilichotokea usiku wa Machi 5, 1770 katika mtaa wa King Street kinajulikana kwa kina, kwa sababu mashahidi wengi waliapishwa na maelezo yao yakaandikwa. Ilikuwa imepita saa tatu usiku, barabara imejaa theluji na barafu. Hugh White, askari aliyekuwa kwenye lindo mbele ya Forodha, alibishana na mwanagenzi wa fundi wa mawigi aliyemkashifu ofisa mmoja kuhusu deni, akampiga kijana huyo kwa bunduki. Vijana wakakusanyika. Kengele za makanisa zikagongwa, na kwa kuwa kengele usiku zilimaanisha moto, watu wakatoka majumbani, wengine na ndoo za maji, wengine na marungu. Kapteni Thomas Preston wa Kikosi cha 29 alikwenda na askari saba kumwokoa White, nao wote wakazingirwa. Hawakuwa mstari mmoja. Walisimama kwa umbo la nusu duara, migongo kwenye jengo. Walirushiwa mabonge ya theluji, vipande vya barafu na makombe ya chaza, huku umati ukiwatukana na kuwathubutisha wafyatue kama wana ubavu. Askari mmoja, Hugh Montgomery, alipigwa kwa rungu akaanguka. Alipoinuka akafyatua. Pakapita kitambo, kisha risasi nyingine zikafuata, moja hapa, nyingine pale, bila mpangilio.

Watu kumi na mmoja walipigwa. Crispus Attucks, Samuel Gray na James Caldwell walikufa palepale. Samuel Maverick, kijana wa miaka 17, alifariki kesho yake asubuhi. Patrick Carr, mhamiaji kutoka Ireland, alikaa siku tisa na jeraha lake, na kabla ya kukata roho alimwambia daktari wake kwamba anaamini askari walijihami, na kwamba hamchukii aliyemfyatulia. Maneno hayo ya mtu anayekufa yalisimuliwa mahakamani. Katika mchoro wa Revere hakuna theluji, hakuna rungu, hakuna hata askari mmoja aliyeangushwa. Saa ya mnarani nayo, katika nakala nyingi, inaonyesha saa nne na dakika 20.

Isidhaniwe kwamba malalamiko ya watu wa Boston yalibuniwa na mchongaji. Mwaka 1767 Bunge la Uingereza lilipitisha ushuru juu ya vioo, madini ya risasi, rangi, karatasi na chai, bila koloni hata moja kuwa na mbunge wa kulisemea. Boston ilipokataa, London ilijibu kwa majeshi: Oktoba 1, 1768 askari walishuka bandarini na kupiga kambi katika mji wa watu wapatao 16,000. Mji mdogo namna hiyo ukikaliwa na jeshi, kila mtaa unakuwa na mzozo wake. Askari waliolipwa kidogo walitafuta vibarua baada ya zamu na kuwaharibia wenyeji ujira, na tarehe 2 Machi ugomvi wa aina hiyo ulizuka kwenye kiwanda cha kusokota kamba ukaisha kwa virungu. Siku chache kabla, Februari 22, mtumishi wa Forodha aliyezingirwa nyumbani kwake alifyatua dirishani akamuua mtoto wa miaka kama kumi na mmoja, Christopher Seider, ambaye mazishi yake yaliufunga mji mzima. Watu waliokusanyika King Street walikuwa na maiti ya mtoto akilini mwao. Hasira yao ilikuwa ya kweli, na damu iliyomwagika ilikuwa ya kweli. Swali ni kile walichofanyiwa na mchoro.

Historia ina makutano ya ajabu. Siku hiyohiyo ya Machi 5, upande wa pili wa bahari, Waziri Mkuu Lord North alisimama Bungeni kupendekeza ushuru ule ufutwe, wote isipokuwa wa chai. Habari ilihitaji wiki kadhaa kuvuka Atlantiki kwa merikebu ya matanga. Ilipofika, picha ilikuwa imeshaingia majumbani.

Kasi hiyo inastaajabisha zaidi ukijua kazi yenyewe ilivyokuwa. Mchongaji wa enzi zile alichukua bamba la shaba nyekundu lililosuguliwa hadi likang'aa, akalichora kinyume, kulia kuwa kushoto na maandishi kusomeka mgongo mgongo, kwa sababu karatasi ingeligeuza. Kwa kalamu ya chuma yenye ncha kali alisukuma mfereji mwembamba ndani ya shaba, mstari baada ya mstari. Kivuli cha ukuta mmoja kilitaka mamia ya mifereji. Akikosea ilimbidi aikwangue shaba, aisugue, aanze upya. Kisha bamba lilipakwa wino mzito, likafutwa juu hadi wino ubaki ndani ya mifereji tu, likawekewa karatasi iliyoloweshwa na kupitishwa kati ya magogo mawili ya mashine yaliyokazwa kwa nguvu. Nakala moja, kisha wino tena, kufuta tena, nakala ya pili. Baada ya kukauka, nyingine zilipakwa rangi kwa mkono, na Christian Remick ni mmoja wa waliopaka. Hapo ndipo damu nyekundu na makoti mekundu yalipokutana kwenye karatasi, na mbingu ya usiku wa majira ya baridi ikawa ya samawati kama ya mchana.

Revere alifanikiwa kuiuza ndani ya wiki tatu kwa sababu hakuanza na karatasi tupu. Mchoro ulikuwa wa Henry Pelham, msanii wa miaka 21, ndugu wa mama mmoja na mchoraji mashuhuri John Singleton Copley. Pelham alikuwa ameuchora na kuuchonga, kisha akamwonyesha Revere kwa nia njema. Kabla ya Pelham kutoa nakala zake, za Revere zilikuwa sokoni. Machi 29 Pelham alimwandikia barua kali, akamwambia amemnyang'anya jasho lake sawasawa na kuporwa barabarani. Pelham aliendelea na nakala zake, na hesabu za mchapaji wake zinaonyesha nakala 575. Lakini alichelewa kwa wiki moja, na wiki hiyo ilitosha. Katika daftari la Revere imo hesabu ya Machi 28: nakala 200 kwa wachapishaji Edes na Gill, pauni tano, yaani peni sita kwa nakala. Hao ndio waliomiliki gazeti la Boston Gazette, lililokuwa kinywa cha upinzani. Wiki mbili kabla walikuwa wamechapa taarifa ya mauaji ikiwa na majeneza meusi yaliyochongwa na Revere huyohuyo, kila jeneza likiwa na herufi za marehemu.

Wizi wa Revere haukuishia kwake. Jonathan Mulliken wa Newburyport alichonga nakala inayofanana sana na ya Revere. Mjini London mchapishaji W. Bingley aliweka nyingine mwanzoni mwa kitabu. Mchoro wa mtu mmoja ukawa mali ya kila aliyekuwa na bamba na mashine, jambo ambalo lilimwumiza Pelham na kuwafaidi sana Wana wa Uhuru. Mwisho wa Pelham unasikitisha kwa namna yake: vita vilipozuka alikuwa upande wa Mfalme, na mwaka 1776 aliondoka Boston pamoja na wengine waliobaki na utii kwa Uingereza. Picha iliyowahamasisha wapigania uhuru kuliko nyingine zote ilibuniwa na mtu ambaye hakuufuata uhuru wao.

Machi 26, 1770 ni tarehe inayostahili kusimamiwa kidogo. Siku hiyo mkutano wa wananchi wa Boston ulijadili kijitabu ambacho mji wenyewe ulikigharimia, kilichokusanya viapo vya mashahidi dhidi ya askari. Kilikuwa kimeandaliwa kwa ajili ya kupelekwa London. Mkutano ukaamua nakala zilizobaki zisisambazwe mjini, ili isije ikasemwa kwamba watu walioko mahabusu wamehukumiwa kabla ya kesi. Ni uamuzi wa heshima. Ila siku hiyohiyo gazeti lilitangaza kuuzwa kwa picha ya Revere, na picha haikuzuiwa na mtu. Maneno ya viapo yalifungiwa kabatini, mchoro uliokuwa na hukumu tayari ukapita mlango kwa mlango. Asiyejua kusoma hakuhitaji kusoma. Aliyejua alipata chini yake ushairi wa mistari 18 wa kumlaani Preston na kumtaka Mungu amshughulikie endapo mahakama za duniani zitahongwa.

Upande wa serikali ulijibu kwa kijitabu chake London, chenye viapo vya maofisa na mashahidi wao. Kilikuwa na hoja nzito. Lakini hakuna mtu aliyetundika kurasa za viapo sebuleni kwake.

Kaimu gavana Thomas Hutchinson alifanya jambo la busara: kesi ilicheleweshwa hadi hasira zipoe. Preston alishtakiwa peke yake mwisho wa Oktoba. Wakili wake mkuu alikuwa John Adams, mpinzani wa ushuru ambaye baadaye angekuwa Rais wa pili wa Marekani, akisaidiana na Quincy. Hoja ilikuwa moja: je, Preston aliamuru watu wafyatuliwe? Mashahidi walipishana. Mmoja alisikia amri, mwingine alimwona kapteni amesimama mbele ya bunduki za askari wake, mahali ambapo mtu mwenye akili hawezi kusimama akatoa amri ya kufyatua. Preston aliachiwa huru. Desemba 5 askari wake sita nao waliachiwa. Montgomery na Matthew Kilroy walitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, wakachomwa kwa chuma cha moto kwenye kidole gumba, wakaenda zao. Wiki iliyofuata raia wanne walioshtakiwa kwamba walifyatua kutoka dirisha la Forodha, dirisha lile lenye moshi katika mchoro, nao hawakukutwa na hatia.

Kwa hiyo ndani ya mwaka huohuo mahakama ya Boston, yenye wazee wa baraza wa Massachusetts, ilikuwa imelikana karibu kila jambo ambalo shaba ya Revere ilidai: upanga ulioinuliwa, mstari ulionyooka, raia wasiofanya lolote, bunduki ya dirishani. Upo hata mchoro wa wino wa mpango wa mtaa ule, unaohusishwa na Revere mwenyewe, unaoonyesha askari wamesimama kwa nusu duara na maiti zimetawanyika huku na huku. Kama kweli ni wake, basi alijua hali ilivyokuwa, akachonga nyingine.

Lakini kosa zito zaidi la mchoro ule halikuwahi kuletwa mbele ya jaji yeyote.

Crispus Attucks alikuwa baharia wa miaka kama 47, mwenye damu ya Kiafrika na ya wenyeji asilia wa Amerika. Mwaka 1750 gazeti la Boston Gazette lilitangaza zawadi kwa atakayemkamata mtumwa aliyetoroka huko Framingham, aitwaye Crispas, mrefu wa futi sita na inchi mbili, na wanahistoria wengi wanaamini ndiye. Kama ni yeye, basi mtu huyo aliishi miaka ishirini katika meli na bandari, akiwa huru kwa miguu yake mwenyewe, hadi risasi mbili zilipomwingia kifuani King Street. Jina lake limo katika orodha iliyochongwa chini ya picha. Sura yake haimo. Katika nakala zinazojulikana zaidi, waliolala chini wote ni weupe. Mtu mweusi anayehesabiwa kuwa wa kwanza kuuawa usiku ule alipakwa rangi ya wengine akapotea kati yao.

Mahakamani alirudishwa, kwa namna iliyo mbaya kuliko kusahauliwa. John Adams, akijitahidi kuwaokoa wateja wake, aliueleza umati kuwa ni mkusanyiko wa vijana wakorofi, weusi na machotara, Waairishi na mabaharia wa kigeni. Akamsimamisha Attucks mbele ya wote, akasema kutazamwa kwake tu kulitosha kumtia mtu hofu, na kwamba ukichaa wa mtu huyo ndio ulioleta damu ya usiku ule. Moja ya ushahidi mzito kuhusu mtu mkubwa aliyewavamia askari ulitolewa na Andrew, mtumwa wa mfanyabiashara mmoja mjini. Ndivyo ilivyokuwa: upinzani ulipotaka shahidi wa uhuru asiye na doa, ulimfuta Attucks, na utetezi ulipotaka mtu wa kubebeshwa lawama, ukamwita. Kila upande ulimtumia kwa kadiri ya haja yake, na hakuna upande uliomuuliza mtu huyu alikuwa nani, au kwa nini mtoro wa utumwa awe mstari wa mbele dhidi ya jeshi la mfalme. Jawabu la swali hilo lingeibua jambo ambalo Boston ya mwaka 1770, yenye watumwa majumbani, haikuwa tayari kulisikia.

Hukumu ya mahakama haikuing'oa picha ukutani. Machi 5, 1771, mwaka mmoja baadaye, Revere aliyageuza madirisha ya nyumba yake ya North Square kuwa maonyesho. Nyuma ya picha za karatasi angavu aliwasha taa, na maelfu ya watu wakasimama kimya gizani kutazama: dirisha moja lilikuwa na mzuka wa mtoto Seider akishikilia jeraha lake, jingine askari wakifyatua umati, la tatu mwanamke anayewakilisha Amerika akimkanyaga askari. Kila mwaka hadi 1783 mji uliadhimisha tarehe hiyo kwa hotuba, na mahatibu walizungumza kana kwamba kesi haikuwahi kusikilizwa.

Ufundi huo haukuanzia kwa Revere. Mwaka 1754 Benjamin Franklin alichapa katika gazeti lake la Philadelphia mchoro wa nyoka aliyekatwa vipande vinane, kila kipande kikiwa na herufi za makoloni, akiwaonya waungane au wafe. Wakati huo adui alikuwa Mfaransa. Miaka ishirini baadaye Revere alimchukua nyoka huyo, akamwongezea kipande, akamkabilisha na joka la Uingereza juu ya kichwa cha gazeti la Massachusetts Spy. Mchoro uleule, adui mwingine.

Mwezi mmoja kabla ya nyoka huyo Revere alikuwa amechonga kazi ambayo ni kali kuliko zote, na hiyo pia aliiiga, kutoka jarida la London. Lord North anammiminia Amerika chai kooni kwa nguvu. Amerika amechorwa kama mwanamke wa wenyeji asilia, nusu uchi, ameshikwa mikono na jaji na miguu na waziri, na anamtemea North chai usoni. Mfukoni mwa North imo sheria ya kuifunga bandari ya Boston. Pembeni Britania amegeuza uso asione. Revere aliongeza neno la Kiingereza la chai juu ya birika, pasije pakawa na shaka. Wanaosifu picha hiyo mara nyingi hawaiweki pamoja na ile ya 1770, nao wangefanya vema kuiweka. Mchongaji aliyefuta mwili wa kweli wa mtu mwenye damu ya wenyeji asilia, miaka minne baadaye aliuazima mwili wa mwanamke wa wenyeji hao uwe alama ya mateso ya walowezi.

Ilichukua miaka 86 kabla ya Attucks kurudishiwa uso. William Cooper Nell, mwandishi mweusi wa Boston na mpinga utumwa, aliliomba bunge la Massachusetts mwaka 1851 lijenge mnara wa kumbukumbu. Likakataa. Mwaka 1855 akatoa kitabu kuhusu wazalendo weusi wa vita vya uhuru, na mwaka uliofuata ukatoka mchoro mpya, uliochapwa na J. H. Bufford kutokana na kazi ya William Champney. Safari hii Attucks yuko katikati, ni mweusi, ameshika bunduki ya askari kwa mkono mmoja huku akianguka. Ulikuwa nao mchoro wa siasa, ulichapwa kwa ajili ya vita dhidi ya utumwa, na haukuficha hivyo. Machi 5, 1858, mwaka mmoja baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kuamua katika kesi ya Dred Scott kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia, Nell na wenzake waliadhimisha siku ya Crispus Attucks katika ukumbi wa Faneuil Hall. Mnara wenyewe ulisimamishwa mwaka 1888 katika bustani ya Boston Common, licha ya upinzani wa Jumuiya ya Kihistoria ya Massachusetts, ambayo viongozi wake waliona waliouawa ni wafanya fujo wasiostahili heshima ya jiwe. Lugha ya Adams ilikuwa ingali hai baada ya miaka 118.

Mchoro wa Revere bado unachapwa kuliko michoro hiyo mingine yote. Umo katika vitabu vya shule, katika filamu za historia na katika kurasa za intaneti, na mara nyingi unawekwa kama picha ya tukio, kana kwamba mchongaji alisimama pale na kamera. Wahariri na walimu wanaoutumia, hata wa kwetu huku wanaofundisha historia ya dunia, wauweke, kwa sababu ni kazi kubwa na inafundisha. Ila chini yake waandike mambo matatu: kwamba mbunifu wake ni Henry Pelham, kwamba mahakama ya mjini humohumo ilimwachia huru kapteni aliyechorwa na upanga juu, na kwamba mmoja wa waliolala pale, Crispus Attucks, hakuwa mweupe.